Mpini wa Mtufaha

Kaka yangu Festy alipofunga begi lake mwenyewe, kwa mkono mmoja, akalisukuma kwa mguu hadi mlangoni, nilijua hatanii. Nesi alikuwa ametaja tu. Alisema kule mjini, kwenye nyumba ya wazee, kuna kitanda kitakuwa wazi Jumatatu ya mwisho ya Mei, tena chumba chenyewe kina dirisha. Festy akaitikia kwa kichwa. Nesi akanitazama mimi, mimi nikaitazama birika. Nilitaka kusema haendi mtu hapa, lakini tangu lini mimi Sabina nikambembeleza mtu? Nikamwambia nesi chai inapoa, anywe aende zake.

Tangu kiharusi kimpige baada ya Krismasi, Festy hakuwa amesema neno hata moja. Daktari alidai sauti ipo, ila haijui itokee wapi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, na mkono wa upande huo umejikunja, vidole vimefumba kama vimeshika kitu ambacho sisi wengine hatukioni. Mwenyewe alikuwa amekigeuza kiti chake kikatazama ukuta. Mtu aliyevua Ziwa Carra tangu hajaota ndevu, dirisha lipo, ziwa lipo, anatazama ukuta! Nikiuona ule mgongo nilipandwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Mume nimemzika, mtoto sikujaliwa, na katika nyumba ya wazazi wetu tulikuwa tumebaki wawili. Festy akienda ningebaki napiga soga na kuku.

Ndipo nikaingia karakana na kuushusha ufito wa baba.

Ulikuwa umelala juu ya misumari miaka mingi, ufito wa kuvulia wa mwanzi, mrefu kiasi kwamba ukiviunganisha vipande vyake viwili hauingii nyumbani mpaka uufungulie dirisha. Sisi hapa mwezi wa Mei haturushi ndoana, tunavua kwa upepo. Unausimamisha ufito, unauachia uzi mwepesi wa hariri, upepo unaujaza na kuupeleka mbele ya mashua, na kwenye ncha yake yupo mdudu wa Mei, mzima, anagusa maji na kuinuka, anagusa na kuinuka. Kazi yako ni kumchezesha tu. Baba alivua kwa ufito huo, na Festy baada yake, mpaka mipini yake ikaoza na kumeguka mkononi, akanunua ufito wa dukani ambao hakuupenda hata siku moja. Nikajiambia, nikiutengeneza huu, atageuza kiti. Akigeuza kiti, atafungua begi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na sikuwa na nyingine.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, aliniachia karakana na zana zake zote, na mimi si mtu wa kuogopa tupa. Nilianza kwa kukwangua mipini ya zamani. Ilikuwa ya vizibo, vile vya chupa za mvinyo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kugandishwa. Vilitoka vipandevipande kama mkate mkavu. Chini yake mwanzi ulikuwa na rangi ya asali, haujaona jua tangu siku ulipofunikwa, na nilikaa pale nikiutazama mpaka nikasahau kuwapa kuku chakula. Kisha nikafungua nyuzi kuukuu zilizoshikilia pete za kupitishia uzi wa kuvulia, nikafunga mpya, hariri ya kijani. Uzi unazungushwa ukigusana na mwenzake, usiache pengo, usipandishe mmoja juu ya mwingine, halafu unaupaka vanishi na kuuacha unywe.

Kazi ile ina usingizi wake. Ziwa letu lina sakafu nyeupe, chokaa tupu, na siku za jua maji yake hutoa mwanga wa kijani hafifu unaopanda mteremko mpaka majumbani. Uliingia kwa mlango wa karakana ukawa unatembea darini. Nje miti yote ya miiba imechanua maua meupe, harufu yake imechanganyika na ya vanishi, nami nazungusha uzi, nazungusha uzi. Mara nikasikia makasia ya baba. Nayajua makasia yale, la kushoto lilikuwa na mlio. Nikasikia akiyaweka chini, akapandisha njia taratibu, akasimama mlangoni nyuma yangu kuangalia kama naharibu. Sikugeuka. Sikutaka kugeuka nikute hamna mtu.

"Unachonga nini, Sabina? Mguu wa meza?"

Alikuwa Malachy, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta wa mawe, ambaye hajawahi kubisha hodi tangu azaliwe.

"Mpini," nikasema.

"Wa jembe?"

"Wa kukupiga nao."

Akacheka, akavuta sanduku, akakaa. Kipande kilichokuwa kwenye jiriwa kilikuwa cha mtufaha wetu wa nyuma ya nyumba, ule ulioangushwa na dhoruba ya Februari. Malachy akaugonga kwa ukucha.

"Mtufaha mgumu huu. Utakutoa jasho."

"Nimeshatolewa jasho na watu wagumu zaidi."

"Sabina, mimi nasema tu." Akapunguza sauti. "Mtu hawezi kushika kijiko, ndiyo ashike ufito?"

"We Malachy! Kama umekuja kunivunja moyo, mlango ni ule ulioingilia."

Hakuondoka, akanishikia msasa. Ndivyo alivyo, maneno yake mabaya lakini hajui kumwacha mtu peke yake.

Ufito wa namna ile unataka mipini miwili, mmoja wa chini unaoegemea kiunoni na mmoja wa juu unaoshikwa. Sikuwa na mashine ya kutobolea mti mrefu hivyo, basi kila kipande nikakipasua katikati, nikachimba mfereji ndani ya kila nusu, nikazirudisha nusu mbili zikaufumbata mwanzi, na gundi, na kamba ya kubana. Nilifuata umbo la mipini ya baba kama nilivyolikumbuka, myembamba katikati, imenona kidogo mwishoni. Nikausugua mpaka mti wenyewe ukawa laini kama sabuni. Sijisifu, ila ulikuwa mzuri.

Nikampelekea Festy kipande cha chini chenye mipini, nikakilaza magotini pake. Akakitazama. Akapapasa mti kwa mkono wa kushoto, polepole, kwenda na kurudi, na kona ya mdomo ikacheza. Kisha akajaribu mkono wa kulia. Nikamsaidia kukunjua vidole, kimoja kimoja, kama nesi alivyonifundisha, nikavizungushia mpini. Vikateleza. Nikavirudisha, vikateleza tena. Mpini ulikuwa wa mkono wa baba, wa mkono wa Festy wa zamani, na mkono ule haukuwepo tena nyumbani kwetu. Akaufagia ufito ukaanguka sakafuni juu ya mawe, akaugeukia ukuta wake.

Hapo nikawaka. Nilikuwa nimeacha unga wa mkate mezani, nimeshaukanda, nikachota donge nikalisokomeza ndani ya ngumi yake.

"Haya! Shika hilo basi, hilo halitelezi!"

Akalishika. Hakuwa na namna, mkono wenyewe haufunguki. Tukatazamana, mimi na unga mpaka kwenye viwiko, yeye na donge linamtoka kati ya vidole. Puani kwake kukatoka mlio, sijui wa kicheko, sijui wa kilio. Nikaona aibu. Nikaanza kulichomoa lile donge taratibu nikimwomba radhi kimoyomoyo, na lilipotoka nikalikuta lina mkono wa Festy ndani yake. Mfereji wa kila kidole, shimo la kidole gumba, mahali kiganja kilipolegea na mahali kilipokaza. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika kuufungua ule mkono ulingane na vitu. Hakuna aliyewaza kuchonga kitu kilingane na mkono.

Nikalitia donge kwenye jiko ligande nipate mfano wa kuchongea. Nilivyo mjinga! Unga ulikuwa na magadi, maana nyumba yetu haijawahi kukanda unga bila magadi tangu enzi za bibi, na donge likaumuka. Mifereji ikajaa, shimo la gumba likafura likawa kitovu. Malachy alipoingia akalinyanyua juu.

"Mkono wa nani huu? Wa jitu?"

"Wa mamako."

Tukaukata tukaula na siagi, watu watatu, na Festy akala kipande cha gumba. Kisha nikakanda mwingine, unga na chumvi na maji basi, na kuukanda bila magadi nilijisikia kama namwibia bibi, nikamshikisha Festy tena. Huo ukakauka kama jiwe, ukabaki na umbo lake.

Baada ya hapo kazi ikaenda yenyewe. Nilibandua mpini wa juu wa kwanza, nikapasua mtufaha mwingine, nikauchonga nikiuangalia ule mkate. Ukifika karibu, macho hayatoshi. Nilichukua masizi ya jiko, nikampaka Festy kiganjani, nikamshikisha mti. Penye alama nyeusi ndipo panapomgusa zaidi, hapo napitisha tupa, napuliza vumbi, nampaka tena. Mara ya kwanza alinipa mkono kama mtu anayempa daktari. Kesho yake nilipoingia na tupa nikamkuta ameshaunyoosha unaningoja. Tulishinda hivyo, bila maneno, mchana mzima hadi chai ya jioni, mwanga wa kijani ukitembea juu yetu. Wakati mwingine nilisinzia mkono wake ukiwa ndani ya wangu, nikaota tungali watoto, tunakusanya wadudu vichakani, nikaamka nikamkuta naye kasinzia, masizi shavuni.

Mpini ulipokamilika ulikuwa kituko. Una mabonde na vinundu, umepinda upande, hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuushika. Vidole vya Festy viliingia ndani yake kimoja kimoja kama watu wanaorudi kwenye viti vyao kanisani, na haukuteleza. Nilimfunga na mkanda mpana wa ngozi mpini wa chini ukae kiunoni.

Lakini begi halikuondoka mlangoni. Kila asubuhi nililiruka nikienda kwa kuku. Na ikafika Jumapili, kesho yake ndiyo Jumatatu yao.

Siku hiyo upepo ulitoka kusini-magharibi, wa kadiri, na wadudu wakaamka. Wale wasiopaona kwetu nawaonea huruma. Wadudu wa Mei wanapanda kutoka kwenye ile chokaa nyeupe ya chini, wanavua ngozi zao juu ya maji, wanakaa kidogo mbawa zimesimama, kisha wanainuka, maelfu kwa maelfu, na vichaka vyote vya ufukweni vinapumua. Nilijaza kisanduku kwa kuwachuma majanini. Malachy akambeba Festy mgongoni mpaka gatini, anahema kama ng'ombe.

"Ukizama, Festy," akasema akimketisha, "ufito niachie mimi."

"Toka hapa na mikosi yako!" nikamwambia, nikasukuma mashua.

Nilipiga makasia mpaka upande wa juu wa upepo, kisha nikayanyanyua nikaiacha mashua ielee. Hapo ndipo panapotakiwa kimya. Festy aliinua ufito. Ulitetemeka kwanza, nikafumba macho, nilipofumbua ulikuwa umesimama, na uzi wa hariri umejaa upepo mbele yetu, unang'aa na kupotea, unang'aa na kupotea. Mdudu akagusa maji. Akainuka. Sikujua tena tumekaa muda gani. Visiwa vilipita taratibu kana kwamba sisi tumetulia na vyenyewe ndivyo vinasafiri. Chini yetu ile sakafu nyeupe, na kivuli cha mashua juu yake, na vivuli vya vichwa vyetu viwili.

Sasa, samaki wetu trauti akija kwa mdudu hutakiwi kuvuta. Yeye haparamii, anakuja kama mwenye nyumba, anafungua mdomo, anameza, anageuka kushuka. Ukiinua mapema unamnyang'anya. Kwa hiyo kila nyumba hapa ziwani ina maneno yake ya kungojea. Malachy huwataja ng'ombe wake waliokufa. Kwetu sisi ni Salamu Maria, mpaka "Bwana yu nawe", ndipo unainua. Mimi sijawahi kuvuka "Maria", na ndiyo sababu baba alinipa makasia.

Akaja. Niliona mgongo kwanza, wa dhahabu na madoa, mkubwa kuliko yote niliyoiona mwaka huo na mingi iliyopita. Maji yakafunguka bila sauti, mdudu akatoweka. Nikafungua mdomo nimsemee Festy ile sala, maana yeye hana sauti, nani angeisema?

"Salamu," ikasema sauti nyuma ya ufito. "Salamu... Maria."

Ilikwaruza kama mlango wa banda lisilofunguliwa. Nikayashika makasia kwa nguvu.

"Umejaa neema. Bwana yu nawe."

Hapo ndipo pa kuinua. Uzi ulikuwa unashuka umekaza, samaki yupo, mdudu yu mdomoni mwake, angeinua tu. Hakuinua. Alikuwa ameipata njia, hakutaka kusimama. Akaendelea, umebarikiwa kuliko wanawake wote, macho kayatoa kama anayetembea juu ya ukuta mwembamba, neno kwa neno, na jina la Yesu, na utuombee sisi wakosefu. Na mimi, mimi Sabina niliyempigia kelele kila mwanamume aliyewahi kuvua mbele yangu, sikusema vuta. Niliuona uzi ukilegea. Niliona yule samaki akimtema mdudu na kwenda zake kwenye kijani, nikamwacha aende, nikasikiliza. Sasa na saa ya kufa kwetu. Amina.

Upepo ukauinua uzi mtupu.

"Ameenda," Festy akasema. Hilo halikuwa la sala. Lilikuwa lake.

"Aende," nikamwambia. "Aende, yeye ni samaki. Wewe usiende, Festy. Nakuomba. Usiende kesho."

Nilidhani ameishiwa. Mdomo ulikuwa unafanya kazi, unatafuta, unakosa, unatafuta tena. Mimi ni mtu wa kuwamalizia watu sentensi zao, lakini nilijiuma ulimi nikangoja.

"Uta..." akasema. "Utanichoka."

Kumbe! Miezi mitano ya ukuta, na begi, na kuitikia kwa kichwa mbele ya nesi, ndiyo haya?

"Kukuchoka?" nikapiga kelele mpaka bata wakaruka majanini. "Nilikuchoka nikiwa na miaka sita, uliponitumbukiza kwenye birika la kunyweshea ng'ombe! Nikakuchoka ulipolewa harusini kwangu ukacheza na padri! Mwaka huu nimekuchoka kila siku, asubuhi na jioni. Umeniona nikikufukuza?"

Akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, na jicho la upande mwingine likatoka machozi, na ufito wote ukatikisika mpaka ncha yake angani. Kisha akanyoosha kiganja cha kushoto, akakifungua, nikamwekea mdudu mwingine.

Tuliporudi, hata viatu sijavua, nikapiga simu kule mjini nikawaambia kitanda chao wampe mtu mwingine, na tafadhali sikusema.